Kipimo cha Sahani na Shura ya Mume na Mke

Ndoa nyingi hustahimili mitihani mikubwa: ukosefu wa kazi, maradhi, kuhama mji, hata misiba. Ajabu ni kwamba ndoa hizo hizo huweza kutiwa dosari na upawa mmoja wa wali. Mke amerudi kliniki na habari kwamba shinikizo lake la damu limepanda, na ameambiwa apunguze chumvi na mafuta. Jioni anapakua kidogo, na mume anauliza kama mchele umekwisha ndani ya nyumba. Au mume ndiye aliyeonywa na daktari, na mke bado anamjazia sahani, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa kumwonyesha mume kwamba anathaminiwa. Au hakuna aliyekwenda kwa daktari, ila mmoja amesema neno juu ya unene wa mwenzake mbele ya watoto, na neno hilo limekaa moyoni miaka.

Makala haya yanaizungumzia hitilafu hiyo kama inavyozikabili familia za Kiislamu zenye asili ya pwani zinazoishi Nairobi, tangu mitaa inayouzunguka Msikiti wa Jamia katikati ya mji hadi Kilimani, Lavington, Kawangware na Kangemi upande wa magharibi. Hoja yake ni moja. Kipimo cha chakula ni jambo la kuamuliwa kwa shura kabla sufuria haijatelekwa. Likiachwa mpaka wakati wa kupakua, hugeuka kuwa hukumu juu ya mtu, na hakuna anayependa kuhukumiwa akiwa na njaa.

Chakula cha pwani, maisha ya bara

Aliyekulia Mombasa, Lamu au Malindi huja Nairobi na ladha yake. Wali wa nazi, mahamri na mbaazi za asubuhi, samaki wa kupaka, pilau ya Ijumaa, sambusa na kaimati za Ramadhani: vyote hivi ni urithi wetu, na hakuna sababu ya kuvionea haya. Kilichobadilika ni maisha yanayokizunguka chakula hicho. Mvuvi, mchukuzi wa bandarini, fundi wa majahazi, na mwanamke aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akatwanga na kuchota maji kisimani, walikula wanga mwingi na kuutumia mwingi. Leo tui hununuliwa likiwa tayari katika pakiti, na mlaji wake ameshinda kitini.

Itazame siku ya mtu anayefanya kazi katikati ya Nairobi na kulala Kangemi au Kawangware. Huketi ofisini au dukani tangu asubuhi, kisha huketi tena ndani ya matatu katika msongamano wa Waiyaki Way au Naivasha Road. Mchana amekula alichokipata karibu: chipsi na kuku, chapati na maharagwe, au sahani ya pilau, pamoja na soda. Anafika nyumbani baada ya Isha akiwa na njaa na uchovu, na mlo mkubwa wa siku unamngojea saa tatu za usiku. Muda mfupi baadaye amelala.

Mke naye, akiwa ni wa nyumbani, ameonja mchuzi mara kadhaa, amemaliza vilivyobakishwa na watoto ili visitupwe, na amekunywa chai mara tatu au nne kwa sababu ya baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai mtu aliyezaliwa pwani huitafuta birika kila saa. Akiwa ameajiriwa, basi humkuta yote mawili, ya ofisini na ya jikoni.

Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya siku, mume na mke hawaonani wakila. Kila mmoja anaijua sahani ya jioni tu ya mwenzake, na juu ya sahani hiyo moja ndipo hukumu zote hujengwa. Mume haoni kikombe cha nne cha chai cha mkewe, wala mke haioni soda ya mchana ya mumewe. Mjadala wa haki hauna budi kuanza na siku nzima ya kila mmoja, isiwe sahani moja ya saa tatu usiku.

Takwimu zinatuambia nini

Mwaka 2015 ulifanyika nchini Kenya uchunguzi wa kitaifa kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani. Waliopimwa walikuwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Asilimia 27 walikutwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilifika asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Takriban mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo hilo katika maisha yao. Asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kadiri ya mafungu 5 kwa siku yanayoshauriwa.

Tofauti ya wanawake na wanaume katika hesabu hizo isitumiwe kuwakebehi wanawake. Uzazi, kazi za ndani zisizomtoa mtu barazani, na desturi ya kula kwa kuonja na kumalizia, vyote vina sehemu yake. Tena uzito peke yake hausemi yote. Mwanamume mwembamba huweza kuwa na shinikizo la damu au kisukari pasipo kujua, na kama hajawahi kupimwa, wembamba wake si cheti cha afya. Mume anayemhimiza mkewe apungue ilhali yeye mwenyewe hajakanyaga kliniki kwa miaka kumi, amelianza jambo kinyume.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate, vitafunio na vidonge vya kuungia mchuzi. Kwa sukari ya kuongezwa, mwongozo wake wa mwaka 2015 unataka isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu 50, au vijiko 12 vya chai. Ikiwezekana, unasema, ishuke chini ya nusu ya hapo.

Tupige hesabu. Vikombe 3 vya chai vyenye vijiko 3 kila kimoja ni vijiko 9. Soda moja ya chupa ya mililita 300 huongeza kama vijiko 8. Mtu huyu amekwisha kufikia 17 kabla hajaigusa kaimati. Tukija kwenye mafuta, kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, zaidi ya nusu ya zile zilizomo katika kikombe cha wali uliopikwa kwa maji. Nyumba inaweza kugombana mwezi mzima juu ya wali, kumbe faida kubwa ingepatikana katika mafuta ya kukaangia na sukari ya chai, na hayo mawili yakipungua hayamwachi mtu na njaa. Anayetaka suluhu na aanzie hapo, kwenye vitu ambavyo mwili utavikosa bila kulalamika.

Mafundisho ya dini yetu

Uislamu haukulichukulia tumbo kuwa jambo dogo. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, kula na kunywa kumeruhusiwa, na pamoja na ruhusa hiyo limewekwa katazo la israfu. Katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib iliyopokewa na Imam Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba tonge chache za kumwezesha binadamu kusimama zinamtosha, na kama hana budi kuzidisha, basi aligawe tumbo mafungu matatu: fungu la chakula, fungu la kinywaji na fungu la pumzi. Tuzingatie kwamba kipimo hapo kimewekwa mikononi mwa mlaji mwenyewe. Hakuna awezaye kuijua theluthi ya tumbo la mwenziwe.

Mwili nao una haki. Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa (R.A.) akamkuta amejitenga na mambo ya dunia kwa funga na visimamo, hata mkewe hana hamu ya kujipamba, alimkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake na ahli yake wana haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akayasadikisha maneno ya Salman. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari. Haki ya mwili na haki ya mwenzi zimetajwa mahali pamoja, kwa hiyo anayeutunza mwili wake kwa kuivunja nyumba yake ameacha nusu ya fundisho, na anayeilinda furaha ya mezani kwa kuuharibu mwili wake ameacha nusu ya pili.

Iko aya nyingine ambayo kwa nadra hutajwa katika mjadala huu, nayo ni ya 233 ya Suratul Baqara. Aya hiyo inazungumzia kunyonyesha, na imeweka sharti kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, iwe kwa kuridhiana na kushauriana baina yao. Jambo lililowekewa shura hapo ni chakula cha mtoto. Ikiwa uamuzi wa lini mtoto aachishwe maziwa ya mama yake haukuachiwa mzazi mmoja, sembuse chungu cha nyumba nzima kiendeshwe kwa amri ya mmoja?

Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia ila chakula: akikitamani hula, na asipokitamani hukiacha. Adabu hii inawahusu wote wawili. Inamhusu mume anayeikunjia uso bakuli ya mboga, na inamhusu mke aliyeanza kujifunza lishe akaona kila kilichopikwa na mavyaa wake ni sumu.

Kuna haki za kisheria nazo, na ni vyema zijulikane. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika mwambao wetu, wanaeleza kwamba kupika si wajibu wa kisheria juu ya mke. Anapopika ni ihsani na desturi njema. Mume akijua hilo, shukrani itautangulia ulimi wake. Matumizi nayo ni wajibu wa mume. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi cha kumtosha yeye na wanawe, aliruhusiwa kuchukua kinachowatosha kwa wema. Kutosha ndiyo mizani. Mume asiifanye afya kuwa kisingizio cha kupunguza pesa za soko, na mke asiifanye kuwa kisingizio cha kumlaza mtu na njaa.

Kinachosemwa na kinachosikika

Ugomvi wa sahani huwa mkali kwa sababu maneno yake yana maana mbili. Mke akisema amepunguza mafuta, mume husikia kwamba heshima yake imepunguzwa. Kwetu pwani, ukarimu hupimwa kwa sinia iliyojaa, na mwanamume anayepakuliwa kidogo mbele ya wageni huona amefedheheshwa. Juu ya hilo yuko mama yake, ambaye akija kutoka Mombasa na kumkuta mwanawe amepungua kilo chache, atauliza kama huku bara watu hawalishwi. Mke aliyefuata ushauri wa daktari hujikuta ameshitakiwa kwa ubahili.

Upande wa pili, mume akisema, "Siku hizi umenenepa," huenda amekusudia mzaha, pengine hata wasiwasi wa kweli. Mke husikia kwamba hapendwi tena, na wengine husikia ndani ya neno hilo tishio la mke wa pili. Mwanamke aliyezaa mara nne, akalea, akapika kila siku, hapati nguvu ya kubadili mlo wake kwa kudharauliwa. Mara nyingi hufanya kinyume: hujinyima mezani mbele ya watu, kisha hula peke yake jikoni akiwa na huzuni. Neno lenye kuokoa ni lile linalotaja hofu bila kuutaja umbo. Kumwambia mwenzako kwamba unataka muwe hai pamoja hadi kuwaoa na kuwaoza watoto wenu, ni tofauti kabisa na kumwambia kwamba nguo zimembana.

Shura ya chakula inavyofanyika

Tuchukue nyumba ya mfano. Mke ameambiwa shinikizo lake limepanda. Akirudi na amri kwamba kuanzia leo hakuna wali wa nazi, vita vimeanza. Aungoje wakati mtulivu, baada ya Isha na watoto wamelala, au asubuhi ya Jumamosi kabla ya kwenda sokoni, aseme: "Baba watoto, kliniki nimeambiwa damu yangu imepanda, na nimeingiwa na hofu. Nataka tupange pamoja chakula cha wiki hii. Wewe niambie kipi usichoweza kukikosa." Mume mwenye busara atasema: "Pole, mke wangu. Pilau ya Ijumaa usiniguse, mengine tuyazungumze." Katika sentensi hizo chache mgonjwa ameomba msaada bila kutoa hukumu, na mume ameachiwa kitu akipendacho.

Shura yenyewe iwe na mambo matano. Kwanza, kila mmoja ataje chakula kimoja au viwili visivyoguswa. Pili, kila mmoja aeleze siku yake yote ya kula, soda na chai zikiwemo, bila ya mwenzake kuguna. Tatu, wakubaliane nini kipungue na kwa nani, maana mahitaji ya mgonjwa, ya kijana wa miaka 15 na ya mama anayenyonyesha si mamoja. Nne, wakubaliane maneno yasiyosemwa mezani, hasa mbele ya watoto. Tano, waweke muda, kwa mfano mwezi mmoja hadi siku ya kurudi kliniki, kisha waangalie kilichofaa na kisichofaa.

Soko ndilo linaloamua nusu ya haya. Bahati ya Nairobi ni wingi wa mboga. Soko la Wakulima katikati ya mji watu huliita Marikiti, jina lile lile tunaloliita soko kuu la Mombasa, na masoko ya Kangemi na Kawangware hayako mbali na majumba ya upande wa magharibi. Sukuma wiki, managu, terere na kunde si vigeni kwa upishi wetu. Vikipikwa kwa tui jepesi na kitunguu hupata ladha ya nyumbani. Pojo, ambayo Nairobi huitwa ndengu, mbaazi na maharagwe hutoa protini kwa gharama ndogo kuliko nyama. Mume akifuatana na mkewe sokoni mara moja tu kwa mwezi, mengi ambayo yangebishaniwa mezani yatakuwa yamekwisha kuamuliwa ndani ya kikapu.

Kinachoongezeka mezani kipungue jikoni

Kuna kanuni moja ya jikoni inayoweza kuzinusuru nyumba nyingi: chochote kinachoweza kuongezwa mezani, kipunguzwe jikoni. Chumvi ikishaingia mchuzini haitoki, lakini iliyopungua huongezwa na anayeitaka. Chai ipikwe bila sukari, na kila mtu ajitilie. Samli na pilipili zikae pembeni. Kwa njia hii mwenye shinikizo la damu hupata chakula chake, na mwenye afya hakunyimwa kitu. Chungu ni kimoja, na kila mtu ni mwamuzi wa sahani yake.

Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Tui zito liwekewe siku zake, na siku nyingine litumike tui jepesi la mkamuo wa pili. Sukari ya chai ipungue nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea kwa utaratibu huo bila kuhisi adhabu. Katika sahani, nusu iwe mboga na kachumbari, robo wali, ugali au chapati, na robo kitoweo. Kwa mgawo huo macho huona sahani iliyojaa, na hakuna anayejihisi kapunjwa.

Wanaokula sinia moja wasiiache desturi hiyo, kwa kuwa ina baraka ya umoja. Aibu yake ni kuficha kipimo: mwenye mkono mwepesi hula zaidi, na mwenye kujali wengine hubaki na kidogo. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, naye akiwa mtoto, kula kile kilicho mbele yake. Adabu hiyo yatosha kuwa mwongozo. Wali upakuliwe mbele ya kila mmoja kwa upawa, na katikati ya sinia ikae mboga na kachumbari, ambazo hazina haja ya kuhesabiwa.

Anayefika nyumbani usiku asifike akiwa na njaa ya kutwa. Ndizi moja au konzi ya njugu saa kumi na moja jioni humfanya akae mezani kwa utulivu. Akichukua chakula cha mchana kutoka nyumbani, atakuwa ameiepuka chipsi na soda, na pesa zimebaki mfukoni. Kutembea nako ni sehemu ya mizani. Inashauriwa mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kiasi kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Kushuka matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani kunatosha kuanzia. Arboretum ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya majaribio ya miti na yenye eneo la hekta kama 30 karibu na Kileleshwa, ina njia za kivuli ambapo akina mama wanaweza kutembea pamoja kwa stara, na mume na mke wakapata nafasi ya kuzungumza bila watoto.

Ramadhani ihesabiwe peke yake. Kufuturu kwa tende na maji, kuswali Magharibi, kisha kurudi kwenye mlo, hulipa tumbo muda wa kujua limeshiba. Vya kukaanga si lazima viwe vya aina nne kila siku. Mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili dawa na chakula chake vipangwe upya.

Tahadhari hii ni ya mwaka mzima. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguziwe chakula ghafla bila ya daktari kujua, kwani sukari yake huweza kushuka hadi akazimia. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyedhoofika na mgonjwa wa figo nao wana vipimo vyao, na havichukuliwi kutoka kwa jirani.

Mkiwa bado hamkubaliani

Hata baada ya shura, yamkini mmoja akakataa kubadilika. Hapo mke asijifanye askari wa sahani, wala mume asiwe mpelelezi wa kabati. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye amana ya tumbo lake. Kilicho katika uwezo wa mwenziwe ni kupika chungu kilicho salama, kuweka mboga karibu na mkono, kumfuata kliniki akikubali kwenda, na kula yeye mwenyewe kwa namna anayotamani kuigwa. Mara nyingi kipimo kimoja cha damu kinachosomwa na daktari mbele ya wote wawili hufanya kazi ambayo maneno ya miaka hayakuifanya. Kwa hiyo badala ya kumwambia mwenzako apungue, mwombe mwende mkapimwe wote wawili siku moja.

Tofauti hiyo ya kawaida isichanganywe na dhuluma. Mwanamke anayetukanwa kwa umbo lake kila siku, anayenyimwa pesa za chakula, au anayelazimishwa kushinda na njaa ili apungue, hana tatizo la lishe. Ana tatizo la haki, kama alivyo nalo mume anayenyimwa chakula ili aadhibiwe. Mambo kama hayo yafikishwe kwa wazee wa pande mbili, kwa imamu, na ikibidi kwa Kadhi.

Watoto nao wanasoma kwetu. Binti anayesikia mama yake akidharauliwa kwa unene hujifunza kuuchukia mwili wake kabla haujakua. Mvulana anayemwona baba yake akisukuma kando sahani ya mboga hujifunza kwamba mboga ni chakula cha wanawake. Na mtoto anayewaona wazazi wake wakipanga pamoja orodha ya soko, wakicheka, kila mmoja akilegeza kidogo, amefunzwa shura bila ya darasa.

Kwa hiyo, juma hili, kabla ya orodha ya soko kuandikwa, mume na mke wakae kwa dakika ishirini. Kila mmoja ataje chakula asichotaka kiguswe, na kila mmoja ataje kimoja alicho tayari kukipunguza yeye mwenyewe, kabla ya kutaja cha mwenziwe. Allah (S.W.T.) atujaalie afya katika miili yetu, mapenzi na huruma katika nyumba zetu, na baraka katika kile alichoturuzuku. Amin.